Ng'ombe wa Fidia

Fahali wangu alipomvunja mzee mmoja mguu, baraza pale Didia liliniamuru nimlipe mitamba wawili. Kumchinja fahali sikutaka, ndiye dume pekee zizini. Basi nikakaa nyumbani, kazi niliyoimudu kuliko zote, nikiwaza nibakize ng'ombe wangapi kwa ajili ya fidia ijayo. Kwa akili zangu za sekondari nikaona wengi ndio usalama, nikakataa kuuza hata mmoja.

Mke wangu akanicheka. "Baba, hao wa fidia nao si wanakula?"

Walikula kweli. Walivunja zizi, wakamaliza shamba la pamba la mjane jirani. Baraza likampa wote, ila yule mjane akamkataa fahali.

"Huyo baki naye, mwanangu."

Nikabaki naye, nikiomba watu wapite mbali, maana sikuwa tena na cha kulipa.