Koti la Theluji Mwezi wa Julai

Wanaosema mimi hushuku kila kitu hawakosei. Julai ile nilikuwa narudi Tanga likizo, nikafika uwanja wa ndege wa Minneapolis nimevaa koti la theluji huku jua likiwaka. Mabegi yalikuwa yamejaa, kwa hiyo zawadi nzito nilizivaa, kama tunavyofanya sote tukienda nyumbani.

Ndege ya kunifikisha Chicago ilikuwa ndogo, ya pangaboi. Mama wa kaunta akatutangazia, "Kwa joto hili ndege haipandi vizuri. Injini moja ikizimika, iliyobaki lazima iweze kutupandisha. Nitampima kila abiria, na uzito ukizidi, mmoja atabaki."

Ahaa! Mbona alisema "kila abiria" huku ananiangalia mimi?

"Kaka, vua hilo koti," akaninong'oneza binamu yangu Salim, aliyenisindikiza. Nikamshuku hata yeye.

Zamu yangu nikapanda mzani. Yule mama akasoma, akanitazama nilivyo mwembamba, akasoma tena.

"Mbona wengine husomi mara mbili?" nikafoka, foleni nzima ikageuka. "Semeni tu mmeshamchagua wa kubaki!"

Akaniomba kwa upole nivue koti. Nikalivua kwa hasira, nikalibwaga juu ya kaunta. Pasi ya kunyooshea nguo niliyomnunulia mama yangu ikatangulia kuanguka kutoka mfukoni, zikafuata brekipadi za gari la mjomba, zikalia sakafuni moja baada ya nyingine.

Nikamtafuta Salim. Alikuwa anasoma tangazo ukutani, kama mtu ambaye hajawahi kuniona.