Fundi Asiyeitika Mara ya Kwanza

Mume wangu ukimwita mara moja haitiki. Miaka thelathini na nne nimekaa naye, wimbo ni uleule: "Meza!" Kimya. "Meza!" Kimya. Ya tatu ndiyo anageuza shingo, kama mtu aliyeombwa figo. Nilidhani ni masikio, maana msumeno wa umeme hauna huruma, au kiburi tu cha mafundi. Jina hilo la utani nililikuta nilipoolewa. Karakana yake meza zimejaa hadi mlangoni, nikasema basi, anasifiwa kwa kazi yake. Nikaita kama wengine.

Siku hizi amechoka. Sote tumechoka. Magoti yake yanalia akiinama kuokota msumari, na mimi vumbi la msasa limenikaa kifuani. Kwa hiyo binti yetu, mwalimu wa hesabu, alipotuletea kazi ya meza thelathini za shule, nilimshukuru Mungu. Tumalize hii, nikasema, halafu tupumzike.

Alileta na mchoro. Kila meza upande mmoja mrefu, wa pili mfupi, mbavu zimeinama, ili ukiunga mbili upate umbo la pembe sita. Juu ya karatasi ameandika: trapeza. Mzee kuliona neno lile tu, akaikunja karatasi, akamrudishia.

"Siifanyi."

"Baba, mbao zimeshashushwa uani!"

"Nimesema siifanyi. Usinichoshe, mwanangu."

Nikawaka. Unaringa na magoti hayo? Nani mwingine atatukumbuka na uzee huu? Akakaa kwenye benchi lake, akashika randa bila kuitumia, akasema jambo nisilowahi kulisikia.

Alikuwa darasa la sita. Mwalimu alichora umbo lile ubaoni, akamuuliza linaitwaje. Hakulijua jina, akasema alichokiona: "Meza." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamsimamisha juu ya dawati hadi kengele, na kila apitaye anaambiwa, muoneni Meza. Kesho yake hata darasa la kwanza walimwita hivyo. Mwezi haukuisha, akaacha shule. Jina likamfuata hadi kwenye ufundi, likamfuata hadi kwenye harusi yetu.

Jamani! Niliisikia ile "Meza! Meza! Meza!" yangu yote, kila siku ya Mungu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Baba," binti yetu akasema taratibu, "majina haya ya maumbo mengi yametoka kwa Wagiriki wa kale. Hawakuyashusha mbinguni, walisema walichokiona. Poligoni ni pembe nyingi, basi. Pembetatu yenye pande mbili sawa waliiita yenye miguu sawa. Na hili," akaigonga karatasi, "trapeza, kwao ni meza. Meza ya kulia chakula."

"Unanibembeleza."

"Haki ya Mungu. Ndivyo ninavyowafundisha watoto kila mwaka."

Mzee akaichukua karatasi mkononi mwake.

"Kwa hiyo nilijibu sawa."

"Ulijibu sawa, Baba."

"Na mwalimu hakujua."

"Pengine hakujua."

Hakucheka wala hakulia. "Miaka arobaini na saba," akasema, akajipangusa uso kwa mkono wenye vumbi, akaonekana mzee kuliko asubuhi. Halafu akainyoosha ile karatasi juu ya paja, akaomba penseli.

Siku tatu sikumwita. Nikimtaka, namfuata hadi karakana namgusa bega, nami miguu yangu si ya kutumwatumwa. Ya nne akanikazia macho.

"Mbona huniiti siku hizi? Umenuna?"

"Nikuiteje sasa?"

"Kama siku zote," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Mchana chakula kikaiva. Nikasimama mlango wa jikoni. Yeye kule amenipa mgongo, randa inakwenda, meza ya kwanza imeshasimama kwa miguu yake minne. Nikaita kwa sauti ndogo, nikavuta pumzi ya kuita mara ya pili.

"Naam," akaitika.