Nyota Moja kwa Gesti ya Shangazi

Alama ya gesti ya shangazi niliihamisha mara kumi na moja kwenye ramani ya simu. Mara ya kwanza iliangukia katikati ya soko la Katesh, mara ya pili kwenye paa la jirani mwenye mashine ya kusaga. Kuanzia ya tatu ilikuwa pale pale inapotakiwa, lakini niliendelea kuivuta kidogo huku, kidogo kule, ili ikae mlangoni na si ukutani. Ndivyo nilivyo. Shuleni madaftari yangu yalikuwa yanaisha upesi kuliko ya wenzangu kwa sababu nilikuwa nachana kila ukurasa wenye kosa. Pamoja na hayo yote, kidato cha nne nilipata daraja la tatu, na mpaka leo watu wakianza kuzungumzia matokeo natafuta kisingizio cha kuondoka.

Gesti ina vyumba sita. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea humo, na nilipomaliza shule nikawa mfuaji wa mashuka na mfagiaji wake. Kisha ilifunguliwa gesti mpya ya ghorofa kando ya lami. Wageni wanaokuja kupanda Mlima Hanang walikuwa wakishuka kwenye basi wanatazama simu, na simu inawapeleka kule. Kwetu walibaki wazee waliozoea. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti akaja kutaka kuikodi nyumba nzima iwe stoo yake. Shangazi alimwambia atampa jibu mavuno yakianza. Sikuambiwa mimi, nilisikia nikiwa naanika mashuka. Nyumba ikiwa stoo, shangazi angehamia Babati kwa mwanawe, na mimi sikuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza, peke yangu, kwa video, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ambako mtandao unashika. Ramani ilitaka video inayoonyesha kibao chenye jina, nasi hatukuwa na kibao. Miaka yote watu walikuja kwa kuulizia. Nikachora kibao. Nikaweka picha, saa za kufungua, namba ya simu. Baada ya wiki mbili nikaandika "gesti Katesh" kama mgeni, na tukatokea. Tulikuwa chini kabisa, baada ya duka la matairi ambalo hata halilazi watu.

Video zote zilisema jambo moja: unahitaji maoni ya wateja. Nikaandika karatasi ya maelekezo na kuibandika nyuma ya kila mlango. Fungua ramani, tafuta jina letu, bonyeza nyota, andika maneno yako. Niliirudia mara saba hadi mistari ikanyooka. Haikuwa na kosa hata moja la herufi. Wazee ambao macho yamechoka, shangazi aliwasaidia mwenyewe, jioni wakinywa chai.

Siku kadhaa baadaye, nikiwa sokoni kununua mkaa, nilifungua ramani. Tulikuwa na maoni tisa na wastani wa nyota moja nukta nne. Niliacha mkaa pale nikarudi nyumbani. Mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa wale wa gesti ya ghorofa, kwamba wamekaa chini na simu zao kutuchafua. Naona aibu kuandika hili: niliwapa nyota moja na kuandika kwamba mashuka yao yananuka, na sijawahi kulala kwao. Nilifuta baada ya saa moja hivi. Ile saa moja bado naikumbuka.

Baada ya kufuta ndipo niliposoma maneno yaliyoandikwa kwetu. "Mama huyu ni mfano." "Usafi wa hali ya juu." Muuza ng'ombe mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa ameandika: "Hapa nalala kama kwetu. Maji ya moto ya kuoga yapo kabla ya adhana. Hakuna kama yeye." Nyota moja. Nikakaa kwenye ngazi. Hawa walikuwa wazee wetu wenyewe. Karatasi yangu ilisema bonyeza nyota, haikusema ngapi, na shangazi aliwaelekeza kwa kipimo anachokijua yeye na wanachokijua wao: shuleni, bora ni wa kwanza. Divisheni wani. Nani anamtakia mwenzake awe wa tano?

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi, kuwaambia. Sikuweza. Ningeanzaje kumwambia mzee niliyetoka kumwamkia shikamoo kwamba amemwangusha mwenyeji wake? Na shangazi ningemwambia nini? Nikachagua njia ya kijinga. Kila mzee akija naomba simu yake, nasema natazama kama mtandao wetu unamfikia, nageuza moja kuwa tano, namrudishia kwa mikono miwili. Watatu walipita hivyo.

Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu kutoka kijiji cha Daudi, anayeleta vitunguu saumu Katesh kila mwezi na kulala chumba namba mbili. Alinipa simu, halafu akavaa miwani na kusimama nyuma yangu.

"Unafanya nini hapo?"

"Narekebisha kidogo, mwalimu."

"Nimempa shangazi yako la kwanza, wewe unamshusha hadi la tano. Amekukosea nini?"

Nilimwamkia tena, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi ile, kisha nikaeleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo tano ndiyo juu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na moja?"

"Moja ni kama sifuri."

Alikaa kwenye benchi. "Nimesahihisha madaftari tangu sijaoa," alisema, "leo nimemfelisha mwanamke anayenichemshia maji." Akamwita shangazi.

Shangazi alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Mwalimu alimweleza yeye, si mimi, na nilishukuru. Shangazi aliuliza nimejua tangu lini. Nikasema siku tisa.

"Siku tisa unazunguka na simu za wazee kama kibaka."

"Sikutaka kukwambia umekosea, shangazi."

"Karatasi ya nani ile?"

"Yangu."

"Basi karatasi ndiyo imekosea. Ongeza mstari."

Alirudi jikoni. Niliongeza mstari kwenye karatasi zote sita, kwa kalamu ya rangi tofauti kwa sababu ile ya kwanza ilikwisha wino, na kila nikipita niliuona ule mstari mwekundu. Sikuandika upya.

Mwalimu ndiye aliyewapigia wengine. Mzee kwa mzee waliambiana bila shida, wakachekana, na nyota zikapanda. Alibaki muuza ng'ombe. Kati ya mnada wa Dirma na Yaeda Chini simu yake huwa haipatikani siku nyingi. Alipokuja hatimaye, mwalimu alimweleza mbele yangu. Akakataa.

"Mimi nikishatamka nimetamka. Nimeandika hakuna kama yeye. Asiyejua kusoma akalale kwingine."

Nilimsihi shangazi aongee naye. Alinijibu nimwache mzee anywe chai yake.

Siku chache kabla ya mavuno kuanza, walikuja vijana wawili, mtu na mkewe, wana mabegi ya kupandia mlima. Walisimama chini ya kibao na simu mkononi. Mwanamke aliniuliza kama hapa ndipo penye maji ya moto kabla ya adhana. Walikuwa wakitaka kuanza kupanda mapema, na kule kwenye ghorofa maji ya moto wameambiwa ni saa mbili asubuhi. Nyota moja iliwashangaza, alisema, wakaifungua waone malalamiko. Walilala siku mbili. Wengine wakafuata, si wengi, ila vyumba vya mbele vilianza kuwa na watu.

Mtu wa alizeti alipokuja kuchukua jibu, shangazi alimpa vyumba viwili vya nyuma tu. Kimoja kilikuwa changu. Sasa nalala chumbani kwa shangazi, na magunia yamelala nilipokuwa nalala mimi.

Leo asubuhi wastani ulikuwa nne nukta tatu. Nimepiga hesabu: bila ile nyota moja ungepanda. Muuza ng'ombe amelala chumba namba nne, na simu yake ilikuwa mezani inachajiwa wakati napeleka maji. Niliiweka ndoo mlangoni, nikagonga, nikaenda kufagia.