Picha ya Munyiva Ukutani kwa Kiragu

Kitu cha kwanza ambacho watu walikiona kwa Munyiva ni kwamba hakuuficha uso wake. Wanawake wengi wenye makovu kama yale huketi wakiupa mlango kisogo, au huvuta leso hadi mashavuni. Yeye akiingia mahali alitafuta dirisha, akaketi penye mwanga na kuinua kidevu. Mashavu yalikuwa na vishimo vidogo vidogo, na ngozi ya kando ya mdomo ilikuwa imekolea weusi kama kitambaa kilichounguzwa na pasi. Alitaka aonekane. Hasa siku ya Jumamosi.

Mwaka wa 1998 hakuwa hivyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka Kibwezi kukaa kwa shangazi yake Kitengela na kujifunza kushona. Chunusi zilikuwa zimemjaa kwenye paji la uso. Alimchagua daktari wa ngozi kama watu wa Kitengela wanavyochagua hoteli ya chapati: kwa foleni. Nyuma ya duka moja la mabati kulikuwa na chumba cha Daktari Kiragu, na foleni yake ilifika barabarani. Hakuna aliyeuliza kama ana cheti. Foleni yenyewe ilikuwa cheti.

Kiragu naye hakuuliza kitu. Alimtazama, akachota mafuta meupe kutoka kwenye mkebe mkubwa, akajaza vikopo viwili na kuvibandika vikaratasi. Kimoja kiliandikwa "Asubuhi", kingine "Jioni".

"Wiki mbili tu, sista," alisema.

Na kweli, wiki mbili hazijaisha uso ulikuwa laini kama yai. Kiragu alimpiga picha akicheka, amevaa blauzi ya njano yenye vifungo vya kahawia, akaitundika ukutani.

Mwezi wa nne ngozi ilianza kuwaka. Akiacha kupaka, inafura na kutoa usaha. Akipaka, inatulia siku mbili. Kila aliporudi, Kiragu alimwongezea kikopo. Kisha Jumapili moja mwalimu wa kwaya, ambaye siku zote alimweka mstari wa mbele, alimwambia kwa upole, "Munyiva, rudi nyuma kidogo. Leo kuna mtu wa picha."

Usaha alikuwa ameuvumilia. Neno hilo halikuvumilika. Kesho yake alikwenda kwa Kiragu.

"Toa picha yangu."

"Hiyo ni picha ya kliniki."

"Ni uso wangu!"

Kiragu akawageukia waliokuwa kwenye benchi. "Mnasikia huyu? Ati ni uso wake. Hebu angalieni picha, halafu mumwangalie yeye."

Benchi zima likacheka.

Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Munyiva alihesabu zaidi ya elfu moja, huku akishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha Athi River, na kila kola aliipa jina la Kiragu kabla ya kuipitisha kwenye sindano.

Mwaka wa 2001 aliambiwa kuhusu Daktari Nalianya, mwanamke mfupi aliyekuja Kajiado mara moja kwa mwezi. Siku ya kwanza Nalianya hakumpa dawa yoyote. Aliuliza tu: chunusi zilianza lini, hedhi yake inakujaje, amepaka nini, nani alimpa. Akamwagiza arudi na vyote alivyopaka. Munyiva alirudi na vikopo vitano kwenye mfuko wa karatasi.

"Hii dawa inaitwaje?"

"Inaitwa Jioni, daktari."

Nalianya hakucheka. Alinusa, akafunga kifuniko. "Dawa isiyo na jina ikikuharibu haina mwenyewe. Hii nadhani ni ile kali ya kutuliza mwasho. Inazilaza chunusi, haiziponyi. Huyo alikuazima uso tu."

"Na wewe utanirudishia wangu lini?"

"Miezi sita, pengine nane. Na vishimo havitaisha vyote."

Alikuwa daktari wa kwanza kumwambia jambo baya waziwazi, na kwa sababu hiyo Munyiva akamwamini. Miezi minane ilipopita ngozi ilikuwa imetulia. Nalianya akauliza kama angependa kitu cha kupunguza ule weusi wa kando ya mdomo.

"Uache," alijibu Munyiva. "Bado niko na kazi nao."

Kazi ilianza Jumamosi moja ya mwaka wa 2003. Blauzi ya njano ilikuwa imechakaa, kwa hiyo alishona nyingine, akazunguka mji hadi akapata vifungo vilevile. Akaenda kwa Kiragu, akapanga foleni, akaketi chini ya picha yake mwenyewe.

Msichana wa karibu alitazama ukuta, akamtazama yeye, akatazama ukuta tena. "Madam, si huyo ni wewe?"

"Ni mimi. Angalia picha, halafu uniangalie mimi. Ukiingia, muulize dawa inaitwaje."

Msichana aliingia, akatoka upesi, akaenda zake. Wawili wengine wakamfuata. Kiragu akachungulia.

"Mama, hii benchi ni ya wagonjwa."

"Kwani mimi ni nani, daktari? Si ndiyo mimi mgonjwa wako wa ukutani?"

Benchi likacheka, na safari hii halikumcheka yeye. Alirudi Jumamosi tisa. Kiragu aliishusha picha, lakini foleni ilikuwa imekatika, na Kitengela foleni ikikatika haiungwi. Mwezi wa tatu chumba kilikuwa na kufuli.

Munyiva hakushangilia. Kuhama si kulipa.

Juzi, mwaka huu wa 2004, Shirleen, binti wa jirani yake Aketch, alimletea karatasi ya tangazo. Yuko kidato cha tatu na chunusi zimemtoka.

"Anti, kuna daktari anafungua kliniki Rongai, upande wa kwenda Tuala. Jumamosi anaangalia watu bure. Mum amesema twende. Lakini huyu wa kwa karatasi... si ni wewe?"

Blauzi ya njano. Vifungo vya kahawia. Munyiva alicheka hadi akaketi chini. Halafu akampigia Nalianya simu, na Nalianya akasema atakuja pamoja na afisa wa afya, bora tu mkebe uwe mezani na watu wawe kwenye benchi.

Leo ni Alhamisi. Blauzi imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari. Vikopo vitano viko kwenye mfuko, na kimoja bado kina Jioni kidogo.

"Anti, Jumamosi tutafika saa ngapi?" Shirleen ameuliza tena, mara ya tatu tangu asubuhi.

"Kabla yake," Munyiva anasema. "Nataka afungue mlango anikute nimeketi."