Majaribio Aliyoyafuta Jarkko

Jarkko Penttinen alikula supu ya samaki mezani kwangu miaka minne, halafu akamgeuka mwanangu. Sijamsamehe na sina mpango huo.

Mwanangu Outi alikuwa anapima chipu za kompyuta pale chuoni Hervanta, mimi napiga deki jengo hilohilo. Chipu moja, prosesa kumi na sita ndani, na lazima zipelekeane habari. Jarkko, mwenzake wa kazi, kabuni njia ya pete: habari inazunguka, jirani kwa jirani. Outi akasema bora wavu, njia zikatane kama mitaa. Akajaribu zote mbili. Prosesa zikiongea na jirani tu, pete inashinda. Zikikimbilia kumbukumbu moja zote kwa pamoja, pete inaganda.

Shule sikumaliza, lakini hilo nililielewa. Korido yetu ilikuwa ya kuzunguka, na saa tatu kamili asubuhi jengo zima linakwenda kunywa kahawa. Thubutu kupita na ndoo!

Jarkko akachukua majaribio ya Outi, akafuta yale ya msongamano, akaweka jina lake peke yake. Outi kulalamika, Jarkko akamwambia mkuu wao, "Huyu dada kachoka, anachanganya mahesabu." Wakamtoa. Miaka tisa sasa mwanangu anatengeneza lifti.

Juzi Jarkko akawa anatetea tasnifu yake ya udaktari, kwa pete ileile. Mlango uko wazi kwa yeyote. Nikaenda na karatasi za majaribio ya Outi mkobani, na Outi mwenyewe nikamburuta.

"Mama, usinitie aibu."

"Aibu ni yake. Kaa."

Mwishoni Jarkko akageukia watu, kama desturi: mwenye pingamizi aombe nafasi. Huwa hasimami mtu, wote wanawaza kahawa. Nikasimama, karatasi mkononi.

"Kwenye chipu yako wewe hakuna anayekunywa kahawa?"

Watu wakacheka. Jarkko akanitambua. "Mama, tafadhali..."

"Usiniite mama. Majaribio ya prosesa zote kwenda mlango mmoja, uliyapeleka wapi?"

Profesa aliyetoka Lund kuja kumhoji akanyoosha mkono. "Nipe hizo karatasi." Akazifunua moja moja. Tarehe ipo, jina la Outi lipo. "Haya ulikuwa nayo?"

"Niliyaondoa," Jarkko akasema.

"Kwa nini?"

"Pete ilikuwa inashindwa."

"Kazi ya nani hii?"

Akatazama viatu vyake. "Ya Outi."

Kasema mbele ya wote, mama yake mzazi akiwemo. Udaktari ukasimamishwa palepale. Keki yake ya krimu, ya kumpongeza, ilikuwa imeshakatwa. Nilikula vipande viwili.