Waniamkia Kutoka Wapi

Nimewahi kuwa sauti ya mtu mwingine kwa juma zima, na mtu huyo simjui mpaka leo. Kazi hiyo sikuiomba. Nilipewa kwa sababu nilikuwa mgeni kuliko wote katika ofisi ya simu pale Bagamoyo, na kwa sababu, kama alivyodai mzee wetu, sauti yangu ilifanana na yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Hospitali ilikuwa imepata gari la wagonjwa, kuukuu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, lakini gari. Ikaamuliwa apatikane mtu wa kukaa kwenye ubao wa simu na kupokea simu za hatari tu: nyumba inaungua, mtu kaumwa na nyoka, mama kashikwa na uchungu njiani. Aipokee, ajue ni wapi, alitoe gari au awaite polisi. Mzee aliyeifanya kazi hiyo pamoja na nyingine zote alikuwa anastaafu, macho yamemchoka. Mkubwa wetu wa posta, ambaye hakupenda maneno mengi, alimwambia amtafute mrithi wake yeye mwenyewe, na mimi nimsaidie.

Watu wakaja. Walikuja wa mjini, waliovaa viatu vya kuazima, na wa bara waliosoma misheni. Mzee aliwauliza kama wanajua kusoma na kuandika, akawauliza wanakaa wapi, halafu akawafanyia mtihani mmoja tu. Muombaji aliketi kwenye ubao, akapewa mkonga wa simu. Mzee aliketi kando yake, kavaa vyombo vya kusikilizia vya masikioni, anasikiliza. Mimi nilikuwa stoo, ng'ambo ya ua, kati ya magunia ya barua, na simu nyingine. Nilizungusha mpini, kengele ikalia kule kwao, nikasema maneno niliyofundishwa. Nikifika mahali fulani nakata.

Maneno yenyewe yalikuwa ya mtu wa kweli, na ofisini kila mmoja aliyajua. Miaka michache kabla sijaajiriwa, mchana mmoja wa masika, kengele ya waya wa barabarani ililia. Waya ule ulikuwa mmoja, simu nyingi. Ulipita kwenye mashamba ya mkonge, kwa watu wa chumvi, kwenye maduka mawili matatu ya Wahindi na kwenye nyumba ya wageni, na popote mtu alipozungusha mpini, kwetu ililia kengele ile ile. Kujua anapiga kutoka wapi ilibidi aseme. Mzee akapokea.

"Shikamoo," mtu akasema. Siku zile mtu akishika simu alimwamkia yeyote aliye upande wa pili, maana aliona anaongea na Serikali.

"Marahaba."

"Habari za hapo mjini?"

"Njema. Za huko?"

"Njema tu, namshukuru Mungu. Ila huyu mtoto wangu..."

Waya ukakatika. Mti ulikuwa umeangukia nguzo. Ulipotengenezwa, Mzee alipiga simu kila mahali kwenye waya ule, na kila mahali waliapa hakuna aliyepiga. Wangesemaje vingine? Kwenye mashamba, mfanyakazi aliyegusa simu ya meneja alifukuzwa siku hiyo hiyo, na wenye maduka hawakutaka maswali ya polisi. Mzee akaanza kupanda malori siku zake za mapumziko, anashuka kila kituo, anauliza kama kuna mtoto aliyezikwa wakati ule wa mvua. Ulikuwa mwaka wa surua. Kila aliposhuka alionyeshwa kaburi dogo.

Wengine ofisini walinong'ona kwamba aliyepiga hakuwa binadamu.  Jini, Mzee aliniambia mimi siku moja, hamshukuru Mungu.

Kwa hiyo alisema anatafuta mrithi, na labda kweli alimtafuta. Lakini nilijua anachokitafuta hasa. Alitaka kuona watu werevu, vijana, wenye masikio mazima, wakikalia kiti chake, wakisikia maneno yale yale, na wote wakishindwa kujua yule mtu yuko wapi. Wakishindwa wote, basi haikuwezekana, na yeye akalale.

Alinifundisha kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyofundisha herufi. Nikisema haraka alinikatiza. "Hakukimbilia," alisema. "Alikuwa na adabu zake. Sema tena." Nilikuwa mtu wa hasira za karibu na mara kadhaa nilitaka kumwambia atafute mwigizaji. Sikumwambia. Jioni nikitembea kurudi nyumbani Dunda nilijikuta nayasema peke yangu, na si kwa sauti yangu. Mke wangu alinisikia nikiyasema uani nikinawa. Tulikuwa na mtoto mchanga. Akasimama mlangoni na kandili mkononi.

"Nani huyo unayeongea naye?"

"Ya kazini tu."

"Yaache kazini, baba. Usituletee mtu humu ndani."

Nilicheka, lakini usiku huo nilimhamisha mtoto nikamlaza kati yetu.

Waombaji walishindwa, kila mmoja kwa namna yake. Kijana mmoja wa suruali iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe hakunijibu hata shikamoo yangu. "Sema shida yako upesi!" akapiga kelele. Nilijua ni mchezo, lakini niliona nimetukanwa kweli, ulimi ukaniganda, na nilipopata la kusema ulikuwa wakati wa kukata. Mwingine aliniuliza jina, na la baba yangu, na la babu. Mwingine aliposikia neno "mtoto" alianza kulia, akatuomba radhi, akaondoka bila kofia yake.

Aliyenitisha alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole sana, mwenye sauti ya kumtuliza hata ng'ombe. Yeye alizipokea salamu zote na kuzirudisha zote. Akaulizia afya, akaulizia mvua, na mimi najibu tu, njema, tunashukuru. Kisha akauliza, "Na watoto hawajambo?"

Nikajibu, "Hawajambo."

Lilitoka lenyewe. Mtu aliyepiga simu kwa ajili ya mtoto wake, na mimi nimevaa sauti yake, nimesema hawajambo, kwa sababu ndivyo tunavyojibu. Nilikaa na mkonga sikioni. Niliwaza kwamba hata yeye mwenyewe, angeulizwa, angesema hivyo hivyo, halafu ndipo angesema ila. Kwenye waya nilimsikia Mzee anavuta pumzi. Mwalimu hakupata kazi, ingawa Mzee alimsindikiza mpaka barabarani na kumshika mkono kwa muda mrefu.

Siku ya mwisho alibaki muombaji mmoja, binti wa Ubena aliyekuwa akisaidia kwenye zahanati ya misheni. Nilimwona akivuka ua, mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani, hana haraka. Mzee alikuwa amechangamka asubuhi ile. Alikuwa ananitania kuhusu chai yangu ya sukari nyingi. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Nilidhani yameisha.

Nikazungusha mpini. Akapokea.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, baba. Waniamkia kutoka wapi?"

Basi. Ni hivyo tu. Aliipokea heshima yangu na kuniuliza kwa pumzi moja, kama mtu anayemkaribisha mgeni mkekani, na lilikuwa swali ambalo hakuna mtu wa pwani wala wa bara angeliacha bila kulijibu. Nilifungua mdomo nijibu.  Yule mtu nilipewa maneno yake yote isipokuwa jibu hilo, kwa sababu hilo hakulisema kwa yeyote.

Ningeweza kutaja popote. Mapinga, ningesema, na mchezo ungeendelea. Lakini nilijua ni nani mwingine anasikiliza, na nilijua kwamba mahali nitakapopataja Mzee atapanda lori aende kusimama kwenye kaburi. Nikanyamaza. Waya ulikuwa mzima, unavuma kidogo kama unavyovuma siku zote.

"Mjibu," nikamsikia Mzee. Si kwa ukali.

Nikaukaza mkonga sikioni.

"Mjibu dada, ndugu yangu. Anakuuliza vizuri." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini na ya karibu, na nikatambua kwamba hasemi na mimi. "Uko wapi? Gari lipo siku hizi. Lipo hapa nje. Wewe taja tu mahali."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na nilichoogopa ni kwamba nitajibu. Niliurudisha mkonga mahali pake nikavuka ua.

Nilipoingia ofisini, binti alikuwa amesimama kando, hajui kakosea nini. Mzee bado alikuwa kavaa vile vya masikioni.

"Angesema," akaniambia.

"Ndiyo, Mzee."

"Palikuwa na nafasi. Pale kwenye marahaba."

 Akavua vile vya masikioni, akavifuta kwa upindo wa kanzu yake, akampa binti. "Kazi ni yako, mwanangu," akasema. Akachukua mwavuli wake akatoka, na hakukaa tena kwenye ubao ule.

Nilifanya kazi na binti yule miaka mingi. Kila simu ya hatari aliipokea vivyo hivyo, na watu wakataja kwao kabla hata hawajakumbuka kulia, na gari likatoka. Waliopona kwa ajili yake wapo. Mzee naye alikuwa akija posta asubuhi, eti kuulizia barua, na sote tulijua hakuna mtu wa kumwandikia. Anasimama barazani chini ya dirisha letu, anangoja kengele ilie. Akisha kusikia swali, na binti akarudia mahali alipotajiwa ili dereva asikie, na yeye hulirudia jina hilo kwa midomo bila sauti, Mapinga, Ubena, popote pale, halafu anatikisa kichwa, siyo hapo, na anaenda zake nyumbani.