Kiti cha Kushoto Juu ya Nyakisasa

"Karani, wewe unaijua nchi hii," bwana shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, aliniambia. "Upande upi unaonyesha vizuri zaidi?"

Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa nyasi, Biharamulo, asubuhi. Ndege ilikuwa ndogo: rubani mbele, viti viwili nyuma, kila kiti na dirisha lake. Tungeruka hadi Ngara na kurudi bila kutua.

Serikali ilikuwa imeamuru watu watoke porini kwenye mbung'o na malale, wahamie makazi mapya. Waliokaidi walitafutwa kwa moshi wao. Bwana shauri angeuona moshi, mimi ningetaja jina la mahali, naye angechora msalaba kwenye ramani. Nyuma ya msalaba walifuata askari, na nyumba ilichomwa.

Mama yangu alikuwa bado porini, upande wa Nyakisasa, hataki kuliacha kaburi la baba. Tukielekea Ngara, nyumba yake ingekuwa kushoto.

"Kulia, bwana," nilisema. "Kulia utaona milima yote. Kushoto ni miti tu."

Akafurahi, alikuwa na kamera shingoni. Tarishi wetu, aliyenishikia koti, akaninong'oneza, "Karani, ukidondoka, baiskeli nani anarithi?"

"Nyamaza."

"Nauliza mapema tu, ndugu yangu."

Nikapanda.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kwa mama kwa baiskeli hiyohiyo.

"Mama, Alhamisi usiwashe moto mchana kutwa. Kuna ndege itapita."

"Ina nani?"

"Bwana shauri. Na mimi nitakuwamo."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemtaja bwana shauri tu.

"Wewe? Huko juu?" Akayatazama mafiga. Kwetu mtoto akiwa safarini moto wa nyumbani hauzimwi mpaka arudi. Nililijua hilo tangu utotoni, na siku ile halikunijia kabisa.

Ndege ikainuka. Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Mabawa yalikuwa juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo ardhi yote ilionekana wazi: njia nyembamba, mashamba yaliyoachwa yakirudi kuwa pori, migomba isiyo na mwenyewe. Kulia kwangu kamera ililia, ikalia tena.

Kisha nikauona. Haukuwa moshi wa kupikia. Ulikuwa mnene, mweupe, umesimama wima juu ya miti. Mama alikuwa ametia majani mabichi ili nisiikose nyumba. Alikuwa uani, mdogo kama punje ya mtama, mikono juu.

Nikaegemeza bega dirishani kukifunika kioo chote. Bwana shauri alikuwa akihesabu vilima. Moshi ukapita nyuma yetu, nikapumua.

Tulipofika juu ya Ngara ndege ikalala ubavu, ikageuka. Jua lililokuwa nyuma yetu likatupiga usoni, na ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimechagua kiti cha kwenda. Cha kurudi sikukifikiria.

"Bwana, tubadilishane viti," nilisema. "Upande wangu sasa ndio wenye milima."

Rubani akapaza sauti bila kugeuka, "Hakuna kusimama humu!"

Nikakaa. Nilimwomba Mungu alete wingu. Mbingu ilikuwa tupu. Bwana shauri akaishusha kamera, akasogeza uso kwenye kioo.

"Karani. Moshi ule. Panaitwaje pale?"

Nilifikiria kutaja jina la uongo, lakini askari wangeufuata moshi, si jina, na mimi ningefukuzwa kazi nisiweze hata kumjengea kibanda. Nikataja. Penseli ikavuka mara mbili.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama kwenye makazi mapya, ameketi kando ya chungu chenye makaa aliyoyabeba kutoka kule, yangali hai.

"Uliuona moto wangu?" aliniuliza.

"Niliuona, mama."

"Basi." Akaupuliza. "Ndiyo maana ulirudi."